Hasemi, Lakini Ana Mengi ya Kusema

Kijana mwenzetu, kabla hujaendelea kusoma tunakuomba ufanye jaribio moja. Leo jioni ukifika nyumbani, kaa saa nzima bila kutamka neno, na usiandike chochote. Mama akikuita, usiitike. Ukipakuliwa chakula usichokipenda, usikatae. Tumbo likikuuma, vumilia tu. Mdogo wako akichukua kalamu yako, mwangalie. Utaona saa moja ilivyo ndefu! Baada ya muda si mrefu watu wataacha kukuuliza na wataanza kukuamulia. Pengine hata watakuzungumzia mbele yako kana kwamba umetoka nje.

Wapo vijana wa umri wako ambao kwao hiyo si saa moja, ni kila siku. Huenda yupo mtaani kwenu na hujawahi kumsalimia. Huenda ni dada yako au binamu yako. Makala haya yanahusu namna kishikwambi, au tableti kama wengi tunavyoiita, kinavyoweza kuwa mdomo wa mtu kama huyo. Yanahusu pia kazi yako wewe hapo, maana katika nyumba nyingi mwanafunzi wa sekondari ndiye "fundi wa simu". Wazazi wakikwama, ni wewe unayeitwa.

Kwa nini mtu asiseme?

Kusema ni kazi ya misuli mingi kwa pamoja: ya kifua, koo, taya, ulimi na midomo. Ubongo ndio unaoiamrisha. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyepata manjano kali siku za mwanzo isitibiwe mapema, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, ubongo wake unaweza kuumia katika sehemu zinazoongoza misuli hiyo. Hali hiyo mara nyingi huitwa mtindio wa ubongo. Wapo pia wenye usonji ambao hawasemi, au husema maneno machache sana. Na mtu mzima aliyekuwa mpiga soga hodari anaweza kupotewa na usemi kwa kiharusi au kwa ajali ya pikipiki. Hakuna aliyerogwa hapo, na hakuna cha kuambukiza.

Kutosema si kutosikia, wala si kutoelewa. Mwanafizikia wa Uingereza, Stephen Hawking, alipata nimonia mwaka 1985, akatobolewa koo ili apumue, na sauti yake ikapotea kabisa. Akawa anachagua maneno kwenye kompyuta kwa kubonyeza swichi, mashine inasema. Kitabu chake maarufu kuhusu ulimwengu kilitoka mwaka 1988, na aliendelea kufundisha dunia mpaka alipofariki mwaka 2018. Ila tusikwame kwa Hawking. Mtu hahitaji kuwa na akili ya Hawking ndipo apate haki ya kusema hataki chai yenye sukari nyingi.

Zamani mashine za kusema zilikuwa nzito na bei yake ilifika maelfu ya dola. Mwaka 2010 iPad ilipotoka, mambo yakabadilika, na baadaye tableti za bei nafuu za Android zikajaa madukani hata huku kwetu. Kazi yake ni rahisi kuielewa. Kioo kimegawanywa katika vyumba vidogo, kila chumba kina picha na neno. Ukibonyeza, sauti inalitamka. Ukibonyeza vitatu vinne unapata sentensi. Anayejua kusoma anaweza kuandika kwa herufi, tableti ikamsomea.

"Je, hatakuwa mvivu wa kusema?"

Wazazi karibu wote huuliza hivyo, na ni swali la haki. Watafiti walilipima. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwaangalia watu 27 wenye matatizo ya ukuaji, waliofundishwa ishara za mikono au njia nyingine za kusaidia mawasiliano. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Wachache walibaki pale pale, na wengi waliongeza kusema, ingawa kwa baadhi yao nyongeza ilikuwa ndogo. Kwa hiyo usiahidi miujiza, lakini usiogope pia. Anayeweza kusema kwa mdomo atasema kwa mdomo, kwa sababu mdomo una kasi kuliko kidole.

Kuchagua na kuandaa

Kwanza masikio na macho yapimwe hospitali. Inasikitisha kumwandalia mtu picha ndogo ndogo miezi sita, halafu igundulike kwamba haoni vizuri.

Kuhusu tableti yenyewe, kubwa si lazima iwe bora. Anayetembea anahitaji ya kubeba, na anayerusha mikono anahitaji yenye vyumba vikubwa. Inchi 8 mpaka 10 hufaa wengi. Ukiwa dukani, usibabaishwe na kamera. Pima sauti. Weka wimbo, sogea hatua kumi, sikiliza kama inasikika penye kelele za barabarani, kwa sababu sauti ndiyo unayoinunua. Ya mitumba inafaa pia, ila hakikisha mgongo haujavimba (betri iliyovimba ni hatari, iache) na kwamba inakubali programu unayotaka.

Zipo programu za kulipia na zipo za bure. Cboard, kwa mfano, ni ya bure. Ni programu huria iliyopata msaada wa Mfuko wa Ubunifu wa UNICEF. Picha nazo zinapatikana bure. Serikali ya jimbo la Aragón huko Hispania inamiliki mkusanyiko unaoitwa ARASAAC, wenye maelfu ya picha zilizochorwa na Sergio Palao, na mtu yeyote anaweza kuzitumia ilimradi hafanyi biashara. Lakini angalia, picha nyingine zimechorwa kwa macho ya Ulaya. Nyumba ina bomba la moshi, basi lina ghorofa. Wewe una kamera mkononi, bwana! Piga picha ya nyumba yenu, ya daladala au matatu mnayopanda, ya sahani ya ugali, ya bibi mwenyewe.

Sasa sauti. Google wana sauti ya Kiswahili inayosoma maandishi. Ingia kwenye mipangilio ya tableti, tafuta sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, chagua Kiswahili na uipakue ikae ndani ya tableti. Kisha zima intaneti na ubonyeze vitufe kadhaa. Vikisema, umefaulu. Vikinyamaza, bado unategemea mtandao, na siku bando likiisha mtu atakuwa bubu tena. Programu nyingi pia zinakuruhusu kurekodi sauti ya mtu halisi kwenye kila kitufe. Ukirekodi, tafuta mtu wa jinsia na umri wake. Msichana wa miaka 15 akisikika kwa sauti nzito ya mjomba, wenzake watacheka, naye ataacha kubonyeza.

Mwisho wa maandalizi, ondoa michezo na video. Ndiyo, tunajua, inauma. Lakini tableti ikiwa na katuni, wadogo wote wa nyumba watagombania mdomo wa mwenzao, na yeye mwenyewe ataiona ni televisheni. Android na iPad zote zina njia ya kuifunga programu moja isitoke kwenye kioo mpaka uweke namba ya siri. Itumie, na namba hiyo iwe kwa watu wazima wawili, si mmoja aliyesafiri.

Maneno gani yaingie?

Hapa ndipo pana kazi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanajaza majina ya vitu: ndizi, kikombe, ng'ombe, gari, mpira. Kisha wanauliza, "Ndizi iko wapi?" Mwenzetu anabonyeza ndizi, watu wanapiga makofi, imekwisha. Hebu jaribu kuishi kuanzia asubuhi mpaka usiku kwa maneno ndizi, kikombe na ng'ombe. Utamwambiaje mtu akome? Utaulizaje baba anarudi lini?

Maneno yanayofanya kazi kubwa kila siku ni machache na hayana sura nzuri ya picha: nataka, sitaki, tena, basi, bado, njoo, niache, nisaidie, hiki, kingine, wapi, nani, lini, kwa nini. Kuna moja ambalo watu husahau kabisa nalo ni "sivyo, namaanisha kitu kingine". Bila hilo, kila ukimwelewa vibaya mambo yanaishia hapo, na hasira inaanza. Watu wazima wengi huita hasira hiyo "tabia mbaya".

Halafu lugha yenyewe. Programu nyingi zilitungwa na watu wa Kiingereza, ambapo maneno husimama moja moja kama matofali. Kiswahili chetu hakikai hivyo. Neno "sitawapikia" peke yake limebeba mimi, kukataa, wakati ujao, wao, na kupika. Ukitafsiri kitufe kwa kitufe utapata "mimi, taka, lala", na tableti itasoma hivyo hivyo, kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Njia nyepesi ni kuweka neno zima kwa nafsi ya mwenye tableti: nataka, sitaki, naumwa, nimechoka, nimeshiba, naogopa, sijui. Vitendo vingine viweke na "ku" yake: kula, kulala, kuoga, kucheza, kwenda chooni. Sasa bonyeza viwili: "Nataka kulala." "Sitaki kuoga." Kiswahili safi! Karibu na "nataka" weka "unataka" na "anataka", ili aweze kuuliza na kusimulia habari za watu, siyo kuomba tu. Nani asiyependa kusimulia habari za watu?

Na salamu. Mimi ningeanza na Shikamoo. Katika jamii zetu nyingi mtoto asiyesalimia wakubwa huonekana hana adabu, na huyu amehukumiwa hivyo miaka yote bila kosa. Ukiona siku ya kwanza anabonyeza "Shikamoo bibi", na bibi anavyoitika "Marahaba mjukuu wangu", utaelewa. Marahaba nayo iwepo, kwa maana wadogo watamsalimia. Kisha ukurasa wa marika: mambo, poa, acha utani, wee, umenichosha, Simba, Yanga, Gor Mahia, au timu yoyote anayoishabikia. Kijana wa kidato cha pili asizungumze kama mtoto wa chekechea kwa sababu tu mtu aliyempangia maneno alimwona mtoto.

Ukurasa ambao wengine wanauonea aibu

Fikiria unaumwa na huwezi kusema wapi. Daktari anabonyeza tumbo, anabahatisha. Kwa hiyo uwepo ukurasa wa mwili, kuanzia kichwa mpaka kidole cha mguu, wenye "naumwa", "hapa", "kidogo", "sana", "tangu jana", "nataka kutapika", "dawa hii inanidhuru". Msichana awe na "nimeanza hedhi", "nahitaji pedi" na "nataka kuwa peke yangu". Sehemu za siri ziwemo kwa majina yake ya heshima.

Baadhi ya wazazi husema hilo ni kumfundisha mtoto matusi. Wasome hili. Uchambuzi uliofanywa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa watoto wenye ulemavu hupata ukatili karibu mara 3.7 zaidi ya wasio na ulemavu, na ukatili wa kingono karibu mara 2.9. Mkatili humtafuta asiyeweza kusema. Mtu mwenye maneno "usiniguse", "ameniumiza", "siri mbaya" na "nataka kumwambia mama", pamoja na majina na picha za watu wote wa nyumbani, wa shuleni na wa jirani, si windo rahisi tena. Usiache jina la mtu yeyote kwa sababu ni ndugu, au ni mwalimu, au anaheshimika.

Akikuambia jambo kama hilo, usimhoji kwa maswali ya kumwekea jibu, kama "Ni fulani, siyo?" Mwambie umemsikia. Mwendee mtu mzima unayemwamini, kituo cha afya, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Tanzania na Kenya zote zina simu ya bure ya kusaidia watoto, namba 116.

Usimshike mkono!

Hili tunalitilia mkazo. Kuna mtindo ulioenea Australia na Marekani, ambapo msaidizi hushika mkono au kiwiko cha mtu asiyesema ili "amsaidie" kuandika. Sentensi ndefu nzuri zilitoka, na familia zikalia kwa furaha. Miaka ya 1990 wataalamu wakaupima kwa kumwonyesha msaidizi picha moja na mwenzake picha nyingine bila msaidizi kujua. Kilichoandikwa kilikuwa kile alichokiona msaidizi! Wasaidizi wengi hawakuwa waongo. Mikono yao iliongoza bila wao kujua. Watu walishtakiwa kwa makosa makubwa kutokana na maneno ambayo hayakuwa ya mtoto. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa usemi wa Marekani kilirudia kusema njia hiyo isitumike.

Kwa hiyo kidole kiwe chake. Akishindwa kulenga, rekebisha kifaa, usimrekebishe yeye. Ongeza ukubwa wa vyumba. Weka mpangilio wa kusubiri, ili tableti isipokee mguso mpaka kidole kitulie kidogo. Fundi anaweza kukata plastiki ngumu yenye matundu, kila tundu juu ya kitufe chake, mkono ukapumzika juu yake bila kubonyeza ovyo. Fundi seremala naye atakutengenezea kibao cha kuegemeza tableti, kwa mshazari, mahali anapopafikia. Na kabla ya yote hayo angalia amekaaje. Miguu ikining'inia na mgongo ukiyumba, nguvu zote zinaishia kwenye kujizuia asianguke. Ambaye vidole havimtii kabisa anaweza kutumia swichi moja kwa kichwa au goti, huku vitufe vikiwaka kimoja kimoja mpaka afike anachokitaka. Ni polepole, lakini ni sauti yake.

Msihamishe vitufe

Wewe ukiingia chumbani gizani, mkono wako unajua swichi ya taa iko wapi. Mtumiaji wa tableti hujifunza hivyo hivyo. Baada ya muda haangalii picha, mkono unakwenda wenyewe. Sasa mtu akipanga upya vitufe ili "vipendeze", ni sawa na kukuhamishia herufi zote za simu usiku umelala. Ushauri wangu ni huu: panga ukurasa mkubwa tangu mwanzo, hata vyumba 40, kisha vifiche vile ambavyo bado havihitajiki. Maneno yakiongezeka unavifunua, na "nataka" inabaki kwenye kona yake ile ile.

Na namna ya kufundisha? Mtoto mchanga husikia maneno yetu karibu mwaka mzima kabla hajatamka la kwanza, na hakuna anayempa mtihani. Lakini tableti ikifika tu, mtu wa miaka 14 anaamriwa, "Haya, sema unataka maji! Bonyeza! Bonyeza!" Huo si mazungumzo, ni ukaguzi wa gwaride. Badala yake, wewe uwe wa kwanza kuitumia. Ukimwambia "Twende, nimechoka", bonyeza "nimechoka" huku ukisema. Ukitaka uji zaidi, bonyeza "tena". Aone watu wenye midomo mizima nao wanatumia kioo hicho, na aone mnakosea mnarudia.

Ukishamwuliza jambo, nyamaza. Hesabu polepole mpaka kumi moyoni. Utashangaa ilivyo vigumu! Vijana wengi hujibu wakati muulizaji ameshageuka kuondoka. Akibonyeza kitu usichokitegemea, kijibu kama kina maana. Akisema "ng'ombe" katikati ya chakula, huenda anaikumbuka nyama ya jana, huenda anamtania kaka yake.

Kuitunza

Chaji kila usiku, mahali pamoja, iwe kazi ya mtu mmoja anayejulikana. Panapokatika umeme ovyo, benki ya chaji au sola ndogo ni sehemu ya kifaa. Usichaji ikiwa juani au chini ya mto, kwani joto ndilo linaloua betri. Kava la mpira nene lenye mkanda wa begani si urembo. Mate ni kawaida kwa wengi wenye mtindio wa ubongo, na yakiingia tundu la chaja yanaliharibu, kwa hiyo tafuta mfuko laini wa kuzuia maji, ule wa kubonyezea kwa juu. Kusafisha: zima, chomoa, futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Usipulizie dawa wala maji moja kwa moja. Wa pwani mnajua chumvi ya hewani inavyokula vyuma, basi futeni mara nyingi zaidi.

Kila mwezi, na kila mkiongeza maneno mengi, hifadhi nakala ya kurasa zenu mahali pengine: kwenye barua pepe, kwenye kadi ya kumbukumbu, kwenye simu ya mama. Tableti ikiibwa, kilichoibwa kiwe ni plastiki na kioo tu, siyo mwaka mzima wa maneno. Zima masasisho yanayojifanya yenyewe kwa programu hiyo, uyafanye mwenyewe baada ya kuhifadhi nakala, kwa sababu sasisho moja linaweza kubadili mpangilio wote.

Halafu kuna kosa ambalo halihusu umeme. Kijana amekasirika, amebonyeza "sitaki, sitaki, sitaki" mara thelathini, na mtu mzima anaichukua tableti, anaiweka juu ya kabati "mpaka atulie". Wewe ukibishana na mama hakufungi mdomo kwa plasta. Punguzeni sauti ikibidi, toeni adhabu kama ya mtoto mwingine yeyote, lakini tableti ibaki naye. Hata darasani, hata msikitini na kanisani. Mwalimu akisema inasumbua, mweleze kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitambua njia hizi kuwa mawasiliano kamili, na kwamba Kenya na Tanzania zimeuridhia.

Karatasi isidharauliwe

Piga picha ya kioo kikiwa kwenye ukurasa mkuu, ipeleke kwa wachapaji, waitoe kwa rangi kwenye karatasi ya A4 na kuifunika plastiki. Vitufe viwe mahali pale pale kama kwenye tableti. Hiyo haina sauti, lakini haina betri, haiogopi mvua, haiibwi, na inaingia bafuni na ufukweni. Familia ambayo bado haina fedha za tableti inaweza kuanza na karatasi hiyo leo, kwa kazi ile ile na maneno yale yale. Anaonyesha kwa kidole au kwa macho, wewe unatamka kwa sauti, unamwuliza kama umepatia.

Kwa msaada zaidi, uliza idara ya mazoezi ya viungo katika hospitali ya mkoa au kaunti. Dar es Salaam, CCBRT huhudumia watoto wenye mtindio wa ubongo. Kenya kuna vituo vya kupimia watoto wenye mahitaji maalumu vilivyoanza mwaka 1984, vinavyojulikana kwa kifupi EARC. Wataalamu wa usemi ni wachache, na foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo msiende mikono mitupu. Andika kwenye daftari maneno aliyotumia wiki hiyo, na yale mliyokosa kumwelewa. Siku ya kwenda beba tableti ikiwa imejaa chaji, beba na ile karatasi, na umkumbushe mama kwamba swali la kwanza la daktari aulizwe mwenyewe.